Mwigo Si Shahidi

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye leo ni mhandisi wa maji. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kujuliana hali za nyumbani, alinieleza kilichomsibu. Alikuwa ametumwa kwenye mkutano wa kijiji kueleza mahali litakapojengwa daraja jipya, na ni nyumba zipi zitakazokuwa salama mvua kubwa zikinyesha. Alisimama mbele ya wanakijiji akasema: "Tumefanya simulesheni, na kompyuta imeonesha kwamba maji hayatafika hapa."

Mzee mmoja akaomba nafasi, akauliza: "Mwanangu, hiyo kompyuta ilikuja lini kuuona mto wetu?"

Watu walicheka, na baada ya kicheko hicho hakuna aliyemsikiliza tena. "Mwalimu," kijana akaniambia, "hesabu zangu ni nzuri. Kilichonikosa ni neno."

Nilimwomba siku chache. Jibu nililompa ndilo ninaloliandika hapa, wapenzi wa lugha, ili nanyi mlipime. Natetea kwamba kazi ile iitwe *mwigo*, kitenzi chake kiwe *kuiga*, na kwamba tuache kabisa kusema "kompyuta imeonesha". Yule mzee hakuwa akikataa sayansi. Alikuwa anasahihisha sarufi. Anayeonesha ni yule aliyeona. Naye alitaka kujua nani aliona.

Tuanze na jambo lenyewe, maana huwezi kukipa jina mtoto usiyemjua. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa anapata nafuu baada ya ugonjwa mzito wa ubongo. Ili kupitisha muda alicheza karata peke yake, akajiuliza: uwezekano wa kushinda mchezo huu ni kiasi gani? Alijaribu kuupata kwa kanuni za hesabu, akaona njia ni ndefu mno. Ndipo lilipomjia wazo kwamba angeweza kuucheza mchezo mara mia moja na kuhesabu mara alizoshinda. Akamshirikisha John von Neumann wazo hilo, nalo likaanza kutumika kufuatilia mienendo ya nyutroni, chembe ambazo hakuna awezaye kuzifuata kwa macho. Mwenzao Nicholas Metropolis ndiye aliyependekeza mbinu hiyo iitwe Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari, na mwaka 1948 kompyuta ya ENIAC ilizikokotoa hesabu zake za kwanza kubwa.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu haamini mpaka ajaribu, niliwaita wajukuu zangu tukaijaribu mbinu hiyo barazani. Tulichora mraba juu ya karatasi ya manila, na ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Tukarusha maharage bila kulenga, tukahesabu 200 yaliyotua ndani ya mraba. Kati ya hayo, 154 yalikuwa ndani ya duara. Gawanya 154 kwa 200, kisha zidisha kwa 4: unapata 3.08. Wale mliosoma hesabu mnaitambua jirani yake, yaani pai, ambayo ni 3.14 na kuendelea. Mjukuu wa kike akataka turushe tena ili tukaribie zaidi. Nikamweleza kwamba ukitaka kosa lipungue kwa nusu, sharti maharage yawe mara nne. Akatazama sufuria, akasema basi bora yapikwe.

Hapo ndipo kompyuta ilipopata kazi yake. Haichoki kurusha. Lakini mwone vizuri kilichofanyika pale barazani. Hatukulipima duara lenyewe, bali tulitengeneza kitu kinachofuata kanuni moja na duara, tukakiacha kitende, tukahesabu. Mhandisi wa mto naye hufanya vivyo hivyo: huandika kanuni za mwendo wa maji, huipa kompyuta umbo la bonde na kiasi cha mvua, kisha huyaacha maji ya tarakimu yatiririke. Kwa Kiswahili tendo hilo lina jina la siku nyingi. Ni kuiga.

Najua maneno mengine yamependekezwa, nami sitaki kuyapuuza. Lipo *uigizaji*. Hili tuwaachie wenzetu wa jukwaani, kwa kuwa mwigizaji humwigizia mtazamaji, na ufundi wake ni kumfanya mtazamaji asahau kwamba anaigiziwa. Mhandisi akitusahaulisha jambo hilo ametukosea. Lipo *utabiri*, lakini si kila kazi ya namna hii inahusu kesho. Wapo wanaoiga mienendo ya nyota zilizokwisha kuzaliwa na kufa. Tena neno hilo kwa watu wetu lina harufu ya mganga na ramli. Lipo *kielelezo*, nalo ni jema, ila lina kazi yake nyingine: kielelezo ni zile kanuni na vipimo vilivyopangwa, ilhali mwigo ni kule kukiendesha kielelezo hatua kwa hatua. Kielelezo ni chombo. Mwigo ni safari yake. Tukiyachanganya mawili hayo, hatutajua kama kilichoharibika ni chombo au ni safari.

Limebaki *simulesheni*. Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Nikisema *meza*, *shule* na *kompyuta* sioni haya, na ule ubishi wa kompyuta na tarakilishi nimewaachia wenye nguvu. Ila nomino hii imekuja mkono mtupu, bila kitenzi. Daima utalazimika *kufanya* simulesheni, kama unavyofanya mazoezi au fujo. *Iga* ni mzizi, na mzizi wa Kiswahili huzaa. Mto *umeigwa*. Umeigwa na nani? Na *mwigaji*, naye ana jina na anaweza kuulizwa. Je, mto huu *unaigika* kwa vipimo tulivyo navyo, au *hauigiki*? Katika swali hilo moja la viambishi vichache mna mjadala ambao wanasayansi huufanya kwa kurasa nyingi. Lugha inayoweza kuuliza hivyo haina sababu ya kukopa jina lisiloweza kunyambulika.

Watakuwapo watakaosema kwamba *kuiga* ni neno la dharau. Watanikumbusha ile methali ya aliyemwiga tembo, ambayo mwalimu mstaafu hawezi kuimaliza mbele ya wageni. Nakubali kwamba neno lina doa, na ni kwa doa hilo nalipenda. Kila tunapolitamka linatukumbusha kwamba kilicho mbele yetu si kitu chenyewe. Neno la kutukuka lingetulewesha. Hili hutuacha macho wazi.

Na kuacha macho wazi si mapambo ya lugha. Tarehe 23 Agosti 1991, katika hori ya Gandsfjorden karibu na mji wa Stavanger nchini Norwe, kitako cha zege cha jukwaa la kuchimbia gesi liitwalo Sleipner A kilikuwa kikizamishwa taratibu kwa majaribio. Kilikuwa kimejengwa ili kisimame katika Bahari ya Kaskazini, penye kina cha mita 82. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia kwa wingi kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na kitako kizima kikaenda chini. Kiliposambaratika, vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi viliandika mtikisiko wa 3 kwa kipimo cha Richter. Hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 700.

Kitako hicho kilikuwa kimeigwa kwenye kompyuta kabla ya kujengwa. Mbinu iliyotumika ni ile ya kuligawa umbo kubwa katika vipande vidogo vidogo, kukikokotoa kila kipande, kisha kuviunganisha vyote. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Waliokosea ni waliogawa: mahali kuta zinapokutana, vipande vilikuwa vichache mno na umbo lao halikufaa, hivyo nguvu za mkato zilizokuwa zikiusukuma ukuta zikaonekana pungufu kwa asilimia 47. Juu ya hilo, nondo za mahali pale hazikushikwa ipasavyo. Baada ya ajali hesabu ilirudiwa kwa uangalifu zaidi, ikasema kwamba ukuta wa namna ile ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Katika hali halisi ulipasuka kwenye mita 65.

Tazameni namba hizo mbili, 62 na 65. Mwigo ulipotengenezwa vizuri ulikaribia ukweli kwa namna ya kustaajabisha. Kwa hiyo sisemi mwigo ni uongo. Nasema mwigo mbaya na mwigo mzuri hutoka kwenye mashine ileile, kwa tarakimu nadhifu zilezile, na asiyeuliza maswali hatautofautisha mmoja na mwingine.

Na sisi washairi tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Nani kati yetu hajaletewa shairi lililotimia vina na mizani, kumi na sita juu ya kumi na sita, ambalo ukilimaliza hujui limesema nini? Ukaguzi wa mizani unaweza kufanywa hata na mtoto, kwa vidole. Swali la pili ni zito zaidi: je, shairi limesema kweli, ubeti umejitosheleza, mambo ya watu yamo? Wanasayansi nao wana maswali mawili ya namna hiyohiyo. La kwanza ni kama hesabu imetendwa kwa usahihi. Hilo naliita *ukaguzi*. La pili ni kama hesabu yenyewe inafanana na jambo linaloigwa. Hilo naliita *ulinganishi*. La kwanza hujibiwa ukiwa umekaa mezani. La pili halijibiwi mpaka utoke nje ukalitazame jambo lenyewe.

Mzee wa kijijini alikuwa anauliza swali la pili, na kijana wangu alikuwa amejiandaa kujibu la kwanza.

Basi nilimwambia arudi kijijini, na aseme hivi: "Wazee wangu, tumetengeneza mwigo wa mto wenu. Tumetumia ramani hii na vipimo vya mvua vya miaka hii. Katika mwigo wetu maji yalikomea hapa. Ninyi mlioishi na mto, nioneshwe mahali maji yalipowahi kufika." Neno *kuonesha* nililirudisha kwa wenyewe, walioona.

Alikwenda. Yule mzee aliyemuuliza swali akampeleka hadi kwenye mkuyu mmoja ulio kando ya njia, akamwekea kiganja kwenye shina, juu ya kiuno. Maji ya El Niño ya mwaka 1997 yalifika pale. Kijana alipima, akarudi ofisini, akauendesha mwigo wake kwa mvua za mwaka ule. Maji ya tarakimu yalikomea chini ya alama ya kiganja, karibu mita nzima.

Alinipigia simu usiku ule. Nilidhani nitamkuta mnyonge, kumbe alikuwa na furaha ya mtu aliyelikuta kosa kabla halijamkuta yeye. Ramani aliyopewa ni ya zamani. Anashuku kwamba mchanga umekwisha kuujaza mkondo kwa miaka mingi, na mkondo uliojaa mchanga hubeba maji machache kabla ya kufurika. Wataupima mto upya, na mahali pa daraja hapajaamuliwa. Zipo nyumba tatu upande wa bondeni ambazo siku ya mkutano wa kwanza aliziita salama. Leo haziiti hivyo.

Sikusema kwamba neno *mwigo* ndilo lililofanya haya yote. Kiganja cha mzee ndicho kilichofanya. Lakini "kompyuta imeonesha" ilikuwa imekiambia kiganja kile kikae kimya, na "tumetengeneza mwigo" ikakiomba kiinuke. Mwenye neno bora na alitoe, nami nitalifuata, mradi neno hilo liache mlango wazi kwa yule aliyeona. Kwa leo naaga kwa ubeti mmoja:

Mwigo si mto wenyewe, ni sura ya kukisia,
Hesabu ikaguliwe, na mtoni twende pia,
Na wenyeji waambiwe, tulichokikadiria,
Neno lisiaminiwe, bila wa kushuhudia.