Kiwandani Japani: Mfundishe Mtoto Kuuliza Kabla ya Kula



Mzazi Mwislamu aliyeko Japani na watoto wake hukabiliwa na swali moja kila siku: tule nini? Wapo ndugu zetu waendao huko kwa masomo na kwa biashara ya magari, na baadhi yao hufuatana na familia. Aghalabu wazazi hushika njia nyepesi. Kila mtoto anyooshapo mkono dukani, huambiwa: “Acha, usile hicho!” Katazo hilo laweza kuwa sahihi kabisa, lakini likirudiwa bila maelezo humjengea mtoto hofu badala ya elimu. Siku atakapokuwa peke yake mbele ya sahani ya wenzake, hofu peke yake haitamwongoza.

Katika nchi hiyohiyo kuna darasa zuri la kutibu jambo hili, nalo ni viwanda vya vyakula. Wanafunzi wa shule za msingi za Japani hupelekwa viwandani kama sehemu ya masomo yao, na viwanda vingi hupokea pia familia za wageni, vingine bila malipo. Mtoto huona kwa macho yake kilichoingia katika chakula na namna kilivyotengenezwa. Tutazame mifano mitatu, kuanzia mwepesi hadi mzito.

Wa kwanza ni Uji, karibu na mji wa Kyoto, maarufu kwa chai ya unga iitwayo matcha. Mashamba hufunikwa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchuma, kisha majani hupikwa kwa mvuke, hukaushwa na kusagwa kwa mawe. Jiwe moja hutoa takriban gramu 40 tu kwa saa nzima. Katika karakana za huko mtoto huweza kulizungusha jiwe kwa mkono wake, naye atajua kwamba ndani ya unga ule hamna kingine ila majani. Lakini jirani tu huuzwa keki na vitamutamu vya rangi hiyohiyo ya kijani. Hapo aulize: je, kilichogandisha kitamu hiki ni kanten, itokanayo na mwani wa baharini, au ni jelatini ya mnyama?

Mfano wa pili ni Okazaki, katika mkoa wa Aichi, ambako hutengenezwa miso ya Hatcho, rojo zito la soya lililochachushwa. Viungo vyake ni soya, chumvi, maji na aina ya kuvu inayoanzisha uchachushaji. Hutiwa katika mapipa makubwa ya mbao, na juu yake mafundi hupanga mawe kwa mikono, yenye uzito wa takriban tani 3, kwa ustadi wa kuhimili hata tetemeko la ardhi. Kisha husubiriwa zaidi ya miaka miwili. Mtoto wa leo, aliyezoea kila kitu kuja papo hapo, ana la kujifunza mbele ya pipa lile. Hata hivyo, wapo watengenezaji wa miso nyingine wanaoongeza kileo ili kuzuia pakiti isiendelee kuchacha. Hukumu ya kileo kilichotiwa na kile kinachozaliwa chenyewe katika uchachushaji ina maelezo kwa wanazuoni. Muulize shehe wako kabla ya safari, usingoje hadi bakuli liwe mbele yako.

Wa tatu ni jumba la Cup Noodles lililoko Yokohama. Humo huelezwa habari za Momofuku Ando, aliyebuni tambi za papo kwa papo mwaka 1958 katika kibanda cha nyumbani kwake. Mgeni hupamba kikombe chake, kisha huchagua supu moja kati ya 4 na viungo vinne kati ya 12. Watoto hulipenda mno jambo hili. Lakini viungo vya nyama vimo, ikiwemo ya nguruwe, na mzazi aliseme hilo nyumbani kabla ya kuondoka, si pale mtoto anapokishika kikombe mkononi. Mtoto ajue kwamba tunaweza kuistaajabia akili aliyopewa mwanadamu bila ya kula kila alichokitengeneza.

Wala tusitegemee lebo peke yake. Sheria ya Japani hulazimisha kutaja vyakula vinavyodhuru baadhi ya watu, kama mayai, maziwa na ngano, lakini nguruwe na jelatini zimo katika orodha ya kupendekezwa tu. Kiungo kiitwacho nyukazai, kinachochanganya mafuta na maji, huweza kuandikwa bila kutajwa asili yake. Nayo mirin, itiwayo katika michuzi mingi, ni kileo. Basi wafundishe watoto sentensi hii: “Buta to arukoru wa haitte imasu ka?” Maana yake: je, kuna nguruwe na kileo ndani yake? Aitamke mtoto mwenyewe, kwa adabu.

Weka nafasi mapema, fika kwa wakati, na ulizia kama mitambo itakuwa ikifanya kazi siku hiyo, maana mingi husimama mwisho wa wiki. Panga saa za swala kabla ya saa za kiwanda. Anayepita Tokyo atapata duka la vyakula halali katika msikiti wa Tokyo Camii.

Mola wetu ametuamrisha kula kilicho halali na kizuri. Mtoto aliyezoea kuuliza atalishika agizo hilo hata pale ambapo baba na mama hawapo. Wabillahi tawfiq.