Uzee wa Kununuliwa

Wahenga walinena ya kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi na wahenga. Lakini siku hizi kumezuka biashara ambayo haimo katika methali hiyo, nayo ni ile ya kukichukua kikuukuu, kukivisha upya, kisha kukitembeza kwa jina la uzee wake na kukitoza bei ambayo hata kipya hakithubutu kuitaja.

Ewe msomaji, huenda nawe umekwisha kuliona tangazo la namna hiyo. Linauzwa gari la kale, la aina ile ambayo injini husukuma magurudumu yote manne. Limepigwa picha juu ya kilima jua likichwa. Rangi yake yang'aa, viti vyake ni vya ngozi, na chini ya picha pameandikwa kwamba gari hilo limerudishwa katika asili yake na kuboreshwa. Soma tena maneno hayo polepole. Kitu kilichorudishwa katika asili yake hakikuboreshwa; na kilichoboreshwa kimekwisha kuiacha asili yake. Mwandishi wa tangazo ameyafunga pamoja maneno mawili yanayokanushana, naye atumaini kwamba macho yako yatakuwa yameshughulika na picha.

Nasema wazi kwamba tangazo kama hilo lawadhulumu watu watatu: yule atakayelinunua gari, fundi aliyelifanyia kazi, na yule aliyelitumia kabla ya wote. Nipe nafasi nieleze.

Kwanza yatupasa tujue asili yenyewe ni ipi. Nitachukua mfano wa Land Rover, kwa kuwa ndiyo ijulikanayo zaidi katika nchi yetu. Mwaka 1947, vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha miaka miwili tu, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia Jeep ya kijeshi ya Kimarekani katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey. Alitamani gari la kwao lifanyalo kazi ile ile, akachora umbo lake juu ya mchanga wa ufuoni. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Siku zile chuma cha pua kilikuwa adimu na kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na sehemu zake nyingi zikawa bapa ili zikunjwe bila mitambo mikubwa. Injini ilikuwa na nguvu farasi zipatazo 50. Bei yake ilikuwa pauni 450. Mkulima aliweza kuiunganisha injini hiyo na msumeno au pampu ikamfanyia kazi gari likiwa limesimama. Hapakuwa na pambo lolote. Gari lilizaliwa kwa ajili ya matope, nalo liliundwa hivi kwamba mtu mwenye spana chache na akili timamu aweze kulifungua na kulifunga mwenyewe.

Kwa sababu hiyo lilienea hata huku kwetu. Maofisa wa tarafa, polisi, wamisheni, walinzi wa wanyama wa pori na wakulima wote walilipanda, na katika miaka ya 1970 na 1980 Land Rover zilikuwa zikiunganishwa papa hapa Thika. Huko Uingereza, ya mwisho ya ukoo ule wa kwanza ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Sasa nikusimulie niliyoyaona kwa macho yangu. Baba yangu mdogo, mkulima wa Laikipia, alikuwa na Land Rover ya mwaka 1974. Kila alfajiri ilibeba madebe ya maziwa hadi kwenye chama cha ushirika. Ilibeba mahindi, mbuzi, maiti na maharusi. Nilipoingia kidato cha kwanza ndiyo iliyonifikisha shuleni, nami nimeketi nyuma juu ya sanduku langu la bati, vumbi limenigeuza mweupe. Jirani mmoja, fundi wa jua kali, aliitunza kwa zaidi ya miaka 20. Alipokosa kipuri alikichonga. Aliposikia injini ikikohoa kutoka mbali, alijua ugonjwa wake kabla haijafika.

Siku moja akaja mnunuzi kutoka mjini. Akainama, akachungulia chini, akaipiga teke gurudumu moja, akasema, "Mzee, hiki ni chuma chakavu tu. Nakusaidia kukiondoa uani." Akalipa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, akaenda zake. Miaka miwili baadaye nilipita Nairobi mbele ya uwanja wa kuuzia magari, nikaziona herufi na tarakimu ninazozijua kama jina langu. Ilikuwa ni ile ile, nayo siyo. Injini nyingine, giaboksi nyingine, usukani mwepesi, kipoza hewa, viti vya ngozi. Bei ilikuwa mamilioni. Na karatasi iliyobandikwa kiooni ilidai kwamba mwenyewe wa kwanza aliihifadhi ndani ya banda miaka yote, akiiendesha kwa nadra siku za mapumziko.

Nikamwuliza muuzaji habari hiyo ameipata wapi. Akacheka kwa upole, akanijibu, "Mwalimu, watu hawanunui gari. Wananunua hadithi."

Jibu lile sijalisahau, kwa kuwa ndani yake mna ungamo. Kama kiuzwacho ni hadithi, basi hadithi ya uongo ni bidhaa mbovu, sawa na maziwa yaliyotiwa maji. Na mbona hadithi ya kweli haikutosha? Yale madebe ya maziwa, yale matope na yule fundi vilifutwa, pakaandikwa habari ya bwana asiyepata kuwako, kwa sababu muuzaji alidhani kwamba jasho la mkulima halina thamani mbele ya mwenye fedha. Baba mdogo alipunjwa mara mbili: kwanza bei, kisha maisha yake.

Usidhani kwamba nalaani kila afufuaye gari kuukuu. La hasha! Yako matendo mawili ambayo hayana budi kutofautishwa, na kampuni yenyewe iliyaonyesha yote mawili. Mwaka 2016 ilitangaza kuzifufua Land Rover 25 za toleo la kwanza, ikizirudishia vipande na rangi za namna zilizokuwa nazo zilipozaliwa. Huko ndiko kurudisha. Kisha mwaka 2018, ilipotimiza miaka 70, ikatangaza magari yasiyozidi 150 yenye umbo la zamani, lakini yenye injini ya silinda nane na nguvu farasi karibu 400, kwa bei inayoanzia pauni 150,000. Huko ni kugeuza. Najua kwamba pauni ya leo siyo pauni ya 1948. Lakini hata ukilihesabu hilo, bado waona kwamba gari la mkulima limehama shambani. Hata hivyo kampuni ilitamka wazi injini ni ipi na nguvu zake ni ngapi. Mnunuzi alijua anunuacho. Ugomvi wangu ni na yule anayegeuza kisha akasema amerudisha.

Fikiri juu ya nyumba ya makuti ya pwani. Kila baada ya miaka kadhaa makuti huoza, nayo huondolewa na kuezekwa mapya. Hakuna asemaye kwamba nyumba hiyo si ya babu tena, kwa maana makuti yamefuatwa na makuti, na ufundi uliotumika ni ule ule wa babu. Lakini ukiubomoa udongo ukajenga kwa mawe, ukaezeka kwa vigae, ukabakiza mlango tu, usinialike kuja kuitazama nyumba ya babu. Nialike nije kuutazama mlango wake.

Na katika magari haya, mara nyingine kinachobaki ni kidogo kuliko mlango. Hubaki fremu ya chuma, au kibao chenye nambari kilichopigiliwa juu yake. Kwa nini kibao hicho kitunzwe hivyo? Sababu moja ni sheria. Kwa mfano, Marekani huliruhusu gari lililotimiza miaka 25 liingie nchini humo bila kutimiza masharti ya usalama yaliyowekewa magari mapya. Basi uzee wenyewe umekuwa bidhaa: gari laonyesha nambari ya kizee mpakani, na mwili wa kijana barabarani.

Wako watakaonipinga. Watasema, "Breki za zamani zilikuwa dhaifu, je, wataka watu wafe kwa ajili ya asili?" Hoja hiyo ni ya haki, nami naikubali. Breki za dramu, zikilowa maji mtoni, hukawia kushika. Mikanda ya usalama haikuwamo katika magari ya kwanza. Na fremu ile ya chuma huliwa na kutu, hata ikafaa kuchovywa katika zinki ipate kudumu. Afanyaye marekebisho hayo aokoa maisha, wala simlaumu hata kidogo. Namtaka jambo moja tu: aliseme. Ukweli hauzuii breki kushika.

Wengine watasema, "Mali ni yake, na fedha ni za mnunuzi, wewe mwalimu yakuhusu nini?" Yanihusu kwa sababu yanawahusu ninaowafundisha. Kila mwaka huwaona vijana wenye mikono ya akili wakiona haya kusema kwamba wapenda ufundi. Wamekwisha kujifunza kutoka kwetu kwamba anayevaa ovaroli yenye mafuta ni mtu aliyeshindwa na masomo, ilhali anayesimama kando ya gari akiwa na shati jeupe ndiye aliyefaulu. Lakini nani aliyelifufua gari lile? Ni nani aliyeinyosha alumini bila kuipasua, akaunganisha giaboksi na injini zisizozaliwa pamoja, akahakikisha zaelewana? Jina lake halimo katika tangazo. Limo jina la muuzaji, tena kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo nadai mambo mawili, wala si makubwa. La kwanza, kila gari la kale linalouzwa baada ya kutengenezwa upya liandamane na karatasi ya kweli: kipi ni cha asili, kipi kimebadilishwa, lini, na lilifanya kazi gani kabla ya hapo. La pili, karatasi hiyo itiwe sahihi na fundi kwa jina lake. Atiaye sahihi huona haya kufanya kazi mbovu, na atambuliwaye kwa kazi nzuri hupata nyingine. Mnunuzi atajua anachokilipia. Mwenyewe wa kwanza hatafutwa. Na fundi atatoka chini ya gari aonekane.

Nawe kijana, kabla hujafika umri wa kununua gari, utauziwa vitu vingi kwa maneno matamu: viatu, simu, vyeo, hata mawazo. Jizoeze kuuliza yale niliyouliza pale uwanjani: habari hii umeipata wapi? Usiogope kuchekwa. Mimi nilichekwa, nikarudi nyumbani nikamweleza baba mdogo niliyoyaona. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza jambo moja tu: kama wameurekebisha mlango wa nyuma, ambao kwa miaka yote ile ulikuwa ukifungwa kwa kamba ya katani.

Nikamwambia wameurekebisha. Akasema, "Hilo ni jema. Fundi wetu alikuwa akiusemea sana."