Kabla ya Kuitupa Ile Kaseti

Kuna maneno yameenea siku hizi hapa Moshi, mjini na huko juu vihambani, kwamba mwenye akili ni yule aliyepeleka kaseti zake zote kibandani, akawekewa sauti kwenye flashi, kisha akatupa kaseti pamoja na redio yake. Mimi nasema huo ni uharibifu, tena uharibifu unaofanywa kwa jina la kuhifadhi.

Nianze na la kwetu. Mwaka 1987 marehemu babu yangu aliketi uani kule Machame, redio kaseti ikiwa juu ya kigoda, akaeleza kwa Kimachame mipaka ya kihamba: masale yapi yalipandwa na nani, na zamu ya maji ya mfongo ilikuwa ya nani siku ipi. Alijaza kaseti ya dakika 60, pande zote mbili. Kuku walisikika, na mtoto alilia (mtoto huyo leo ana watoto). Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu, kwa nia njema kabisa, aliichukua akaipeleka kwenye kibanda kimoja mjini. Alirudi na flashi. Kaseti ilibaki huko huko, ikaishia jalalani.

Tulipokaa kusikiliza, babu alikuwa akizungumza kama mtu aliyejifunika blanketi. Kikohozi chake kipo, mngurumo upo, lakini s, sh na f zimefutika. Sasa katika ukoo wetu walikuwapo mababu wawili ambao majina yao yanatofautiana kwa herufi moja tu, s kwa f, na babu alisema mpaka wa chini uliwekwa na mmoja wao. Yupi? Nyumba mbili zinajibu tofauti, na Krismasi iliyopita hazikula pamoja.

Nilikwenda kibandani. Kijana alinipokea kwa adabu, shikamoo mzee, karibu mzee. Nikaomba kuangalia ndani ya mashine yake. Ile hedi, yaani kichuma kidogo kinachogusana na utepe, ilikuwa ya kahawia kama sufuria ya kahawa.

“Hii unaisafisha lini?”

“Mzee, mbona inaimba?”

Hapo ndipo penye ugonjwa. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, nao hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kila ukipita huacha unga kidogo wa rangi ya kutu. Ufa wa hedi unaosoma sauti ni mwembamba kuliko unywele, na unga ukiutenga na utepe, sauti nyembamba ndizo hufa kwanza. Hedi ikiinama kidogo kwa kulegea skrubu yake, matokeo ni yale yale. Mashine itaimba, naam, na kosa lake litanakiliwa kwenye flashi milele. Kaseti ingekuwapo, tungesafisha na kurudia. Mwenye kutupa kaseti ameifunga njia hiyo.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi katika studio yake, na kanda zile zimerithiwa na TBC. Lakini babu yako hayumo humo. Sauti yake imo kabatini kwako, chini ya vitambaa vya kochi, na hakuna ofisi itakayokuja kubisha hodi kuiulizia.

Wengine watasema mafundi wa redio wamekwisha. Fundi wa nini? Kusafisha hedi ni kazi ya dakika kumi: pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, spiriti safi isiyo na mafuta wala manukato, na mwanga wa kutosha. Kile kigurudumu cha mpira kinachokandamiza utepe kipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kikauke, maana spiriti hukausha mpira. Usiiache redio usiku kucha imebonyezwa kitufe cha kuimba, kigurudumu kitabonyea, na kesho yake itakula mkanda. Kaseti iliyokaa muda mrefu izungushe kwanza kwa kalamu ya Bic, polepole, uhakikishe haijashikana. Ile ya dakika 120 ihurumie zaidi, utepe wake ni mwembamba mno.

Huku kwetu tuna maadui wawili. Bondeni, Pasua ninapokaa, ni vumbi. Juu, wakati wa masika, ni unyevu na ukungu mweupe unaoota juu ya utepe. Kaseti yenye ukungu usiiweke kwenye redio hata kwa kujaribu tu, itachafua mashine na mashine itachafua nyingine zote. Ianikwe kwanza kivulini, mahali pakavu penye hewa.

Sipingi flashi. Mimi mwenyewe ninazo mbili. Ninachopinga ni kuitia sauti humo kwa mashine chafu na kumzika mzee mara ya pili.

Juzi binamu yangu aliniletea kaseti nyingine tatu za babu, zilizopatikana kwenye dari ya jikoni, zikinuka moshi. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Zipo mezani zinakauka. Redio nimeifungua, na mpira wake wa kuzungushia umeyeyuka kama lami, nautafuta mwingine. Hadi utakapopatikana, hakuna atakayezigusa.