Somo la cheti cha mawakala wa forodha

Kontena likikwama bandarini, lawama huelekezwa kwa mtandao au maofisa wa forodha. Lakini wakati mwingine kosa liko kwenye nyaraka: bidhaa imepewa namba ya ushuru isiyo yake. Aliyekosea ni wakala. Anayelipia siku za kontena kulala ni mfanyabiashara. Kwa hiyo suala la vijana kufundishwa nini si la walimu peke yao.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, wakala wa Mombasa na mwenzake wa Dar es Salaam walijikuta chini ya sheria moja. Ilibidi wapate pia elimu moja. Ndiyo maana leo kuna cheti cha pamoja cha mawakala wa forodha, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa Jumuiya, mamlaka za mapato na vyama vya mawakala vilivyo chini ya shirikisho lao, FEAFFA. Kwa maneno mengine, wenye kazi wamo katika kuamua kinachofundishwa.

Faida yake huonekana pale kanuni zinapobadilika. Julai 2022 Jumuiya iliongeza kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja, asilimia 35, juu ya vile vya 0, 10 na 25. Kijana anayeingia kazini na daftari lenye viwango vitatu atamtia mteja hasara wiki ya kwanza.

Hata hivyo, mpango huo haujawafikia wote wanaoihudumia safari ya mzigo. Wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo wana makubaliano ya kutambuliana kati ya nchi wanachama. Fundi wa malori hamo. Lori la Dar es Salaam likiharibika karibu na Kigali, mwenye gari hana njia rahisi ya kujua kama fundi aliyeitwa anaumudu mfumo wa breki za upepo.

Tanzania imeanza kuchukua hatua. VETA hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Walioanza kidato cha kwanza mwaka huo wanatarajiwa kumaliza cha nne mwaka 2027. Lakini injini ya kufundishia ikiwa ya miaka ya themanini, cheti kitakuwa kipya na ujuzi wa zamani.

Hapa ndipo wasafirishaji wanapohusika. Kampuni yenye malori kumi inaweza kupokea wanagenzi wawili na kukiambia chuo ni vifaa gani vinavyoharibika zaidi. Mfanyabiashara naye aulize cheti cha wakala kabla ya kukabidhi nyaraka. Asiyeshiriki kumwandaa mfanyakazi leo atamlipia makosa yake mpakani kesho.