Umeme upo Karuma, transfoma ya Ntinda inazidiwa

KAMPALA – Mtambo wa Karuma ulipozinduliwa Septemba 2024 na megawati zake 600, wengi walidhani hesabu ya umeme Uganda imekwisha. Bado. Kwa mfanyabiashara wa Ntinda mwenye friji la maziwa au samaki, kinachoamua ni transfoma ya mtaa wake.

Tuchukue mfano. Transfoma ya kVA 100 hubeba takriban kilowati 90. Imeungiwa nyumba 100, kila moja ikitumia yuniti 150 kwa mwezi, yaani 5 kwa siku. Ukigawanya kwa saa 24, wastani wa nyumba zote ni kilowati 21 tu. Kwenye karatasi, transfoma imelala. Sisi tuliosoma uchumi tulifundishwa kupenda wastani, lakini hakuna anayepika kwa wastani. Saa 1 usiku, nyumba 60 zikiwasha pamoja jiko la kilowati 1.5, hizo ni 90 tayari, kabla ya taa, pasi na friji la dukani.

Uganda ina bei nafuu ya kupikia kwa wateja wa majumbani, kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150 kila mwezi, ili watu waache mkaa. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba bei hiyo haitazami saa. Kiwanda hulipa zaidi kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku. Nyumba hulipa ileile wakati wowote. Nazo kumbukumbu za Yaka huonyesha yuniti zilizonunuliwa, si saa zilipotumika.

UEDCL, iliyopokea usambazaji kutoka Umeme Aprili 1, 2025, ingeanza na jambo dogo: kufunga mita kwenye transfoma zenyewe kwa wiki kadhaa, isome kila nusu saa, kisha ilinganishe na idadi na aina ya nyumba. Gharama yake ni ndogo kuliko ya transfoma iliyoungua.

Wasafirishaji nao wamo. Betri za bodaboda za umeme zikichajiwa jioni zinagombea na sufuria. Zikichajiwa baada ya saa 6 usiku, transfoma ileile inaweza kutosha. Na anayetaka kupanga chumba cha baridi Ntinda, kabla ya kulipa kodi aulize kimeungwa transfoma ipi, na pamoja na nyumba ngapi.