USALAMA KAZINI: Waya uliofichwa juu ya pedali

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo tuzungumze juu ya kitu kidogo sana. Ni kidogo kuliko kiberiti, kinakaa gizani juu ya pedali ya klachi, na madereva wengi hawajawahi kukitazama hata siku moja. Ni swichi ya usalama ya klachi. Kazi yake ni moja tu: kuzuia injini isiwashwe kabla dereva hajakanyaga klachi, au ambreyaji kama tunavyoiita hapa kwetu, mpaka chini.

Njia ya umeme ni hii. Ukizungusha ufunguo, umeme unatoka kwenye batri, unapita kontakti, unafika kwenye swichi hiyo, na baada ya hapo ndipo unakwenda kuamsha stata, yaani demarere. Kama klachi haijakanyagwa, njia imekatika na demarere haizunguki. Klachi ikikanyagwa, injini inaachana na magurudumu, njia ya umeme inaungana, na injini inawaka bila gari kusogea.

Swichi hiyo nayo huharibika. Tope la viatu, vumbi na uzee huimaliza. Hapo fundi anainama chini ya usukani, anakata nyaya mbili, anazifunga pamoja, anazungushia utepe mweusi na kusema: «Imekwisha, washa.» Gari linawaka, dereva anashukuru, kila mtu anakwenda zake.

Hatusemi kwamba fundi huyo ni mtu mbaya. Mambasa iko kwenye Barabara ya Taifa namba 4, katikati ya msitu, na kipuri kama hicho mara nyingi kinasubiriwa kutoka Bunia au Butembo. Gari likikataa kuwaka porini jua linapozama, na hali ya barabara zetu kila mtu anaijua, hakuna mwenye akili atakayekuambia ulale hapo na abiria wako kwa sababu ya swichi. Kufika nyumbani nako ni usalama. Lakini waya uliofungwa ili mfike nyumbani haukufungwa ili ukae mwaka mzima. Hatari kubwa iko katika kuuficha na kuusahau.

Tazama desturi zetu. Breki ya mkono ya gari la zamani mara nyingi imechoka. Kwa hiyo dereva akisimamisha gari kwenye mteremko, analiacha ndani ya gia ya kwanza ili lisiteremke. Ni desturi nzuri. Asubuhi anakuja dereva wa zamu nyingine. Haingii ndani; anapitisha mkono dirishani na kuzungusha ufunguo ili injini ianze kupata moto. Katika gari lenye swichi nzima, hakuna kitakachotokea. Katika gari lenye waya uliofungwa, demarere inalivuta gari zima mbele. Kama ni dizeli na batri ina nguvu, injini inaweza kushika mara moja, na gari likaondoka bila mtu kwenye usukani. Na mbele ya gari asubuhi yuko nani? Ni fundi aliyeinamia kapo, au kijana anayetia maji kwenye radiyeta.

Mama, jambo hili linafika hata uani kwako. Mtoto wa miaka 5 akipanda kwenye gari la baba na kukuta ufunguo, ataugeuza, kwa sababu ameona baba akifanya hivyo. Mguu wake haufiki kwenye klachi. Swichi ile ilikuwa inamlinda yeye na wadogo zake wanaocheza mbele ya gari, bila wao kujua. Aliyeifunga waya amemfukuza mlinzi wa watoto na hakumwambia mtu.

Wazee wa usukani watatujibu: «Magari yetu ya zamani hayakuwa na swichi hiyo, na tumezeeka.» Ni kweli, magari mengi ya zamani hayakuwa nayo. Lakini wazee hao walijua kwamba haipo. Wengine walijifunza kwa manivela, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilianza kuuzwa ikiwa na stata ya umeme iliyotengenezwa na Charles Kettering, lakini manivela iliendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo. Mtu wa manivela alisimama mbele ya gari lenyewe. Akisahau gia, gari lilimjia juu yake. Ndiyo maana mkono wake ulitikisa fimbo ya gia kwanza kabla ya kufanya jambo lolote. Dereva wa leo amezoea kulindwa na swichi. Ukimwondolea swichi bila kumwambia, umemwacha bila swichi na bila desturi ya wazee.

Wengine watasema kwamba hata viwanda vyenyewe vinaruhusu. Ni kweli kwamba Toyota iliweka kwenye baadhi ya magari yake ya milimani kitufe cha kuondoa kwa muda kizuizi cha klachi, ili gari lililozimika kwenye mwinuko mkali liweze kuwashwa likiwa ndani ya gia. Lakini kitufe hicho kiko wazi mbele ya dereva, na kina maandishi yake. Dereva anakibonyeza kwa kujua. Waya wetu uko chini ya utepe mweusi, na anayeujua ni mtu mmoja, ambaye pengine amekwisha kuhama.

Tuwakumbuke pia wakulima wenye matrekta. Katika nchi nyingi wakulima wamekufa kwa kuwasha trekta kwa bisibisi, wakigusanisha vichwa vya demarere huku wamesimama chini, karibu na gurudumu la nyuma. Trekta lilikuwa ndani ya gia, likawaka, likawapanda. Ndiyo sababu watengenezaji walianza kufunika demarere na kuandika onyo kwamba trekta liwashwe kutoka kwenye kiti tu. Tunayaona mambo hayo ya bisibisi hapa kwetu pia, nayo ni ndugu wa waya wetu.

Basi tufanye nini? Yashikeni haya:

1. Kabla ya kukata waya wowote, tazama kwanza vichwa vya batri na fyuzi. Kisha tazama kile kipande kidogo cha plastiki au mpira kwenye pedali kinachobonyeza swichi. Mara nyingi swichi ni nzima, ni kipande hicho kilichovunjika.

2. Kama hakuna njia nyingine ya kufika nyumbani, unga waya, lakini siku hiyohiyo andika katika daftari la gari: tarehe, gari gani, nani ameunga.

3. Funga kibao kwenye usukani: SWICHI YA KLACHI HAIFANYI KAZI. Mwambie dereva anayekupokea kwa mdomo pia.

4. Washa gari ukiwa umekaa kwenye kiti tu. Vuta breki ya mkono, tikisa fimbo ya gia uone kwamba iko huru, kanyaga klachi. Fanya hivyo hata katika gari lenye swichi nzima.

5. Weka mawe au vigingi kwenye magurudumu. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari linapowashwa.

6. Ukishuka, ondoka na ufunguo wako. Usiuache ndani hata kwa dakika moja.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa gereji. Dereva akiandika katika daftari kwamba swichi imekufa, asikaripiwe, wala asikatwe mshahara, wala asiambiwe kwamba analeta uvivu. Siku atakapoadhibiwa kwa kuandika ukweli, wenzake wote watajifunza kunyamaza, na magari yote yatakuwa na utepe mweusi. Agizeni swichi mbili tatu ziwe akiba kwenye depo. Zikipangwa katika safari ya kawaida ya kwenda Bunia, hazitaongeza hata lita moja ya mafuta. Mguu wa fundi hauna depo.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ina kinga, na kiwanda kiliiweka juu ya pedali. Ndugu dereva, kesho asubuhi, kabla ya zamu, weka mawe kwenye magurudumu, kaa kwenye kiti, vuta breki ya mkono, hakikisha gia iko huru na hakuna mtu mbele wala nyuma. Kisha zungusha ufunguo bila kukanyaga klachi. Kama demarere inazunguka, basi gari lako halina mlinzi huyo. Liandike katika daftari kabla hujaondoka.