Pumu na Dawa ya Mfukoni

Hapa Isiolo, upepo wa kiangazi unapotimua vumbi, hapakosi darasa lenye mwanafunzi ambaye kifua chake kinalia kama filimbi. Aghalabu mzazi wake naye ana pumu, kwani maradhi haya hufuata damu, ingawa si kila mtoto huyarithi. Juzi mzazi mmoja aliniuliza iwapo mwanawe aache dawa ya kuvuta, atumie mitishamba ya Kihindi.

Siibezi Ayurveda. Kitabu chake kikongwe, Charaka Samhita, kinataja aina tano za “shvasa”, neno la Kisanskriti lenye maana ya pumzi. (Nasi tuna pumu, pumua, pumzi.) Inayofanana na pumu huitwa “tamaka”, neno lenye asili moja na “tamas”, yaani giza, aliyewahi kubanwa usiku hahitaji ufafanuzi. Tena kutokana na mmea wa vasaka ilipatikana bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi.

Lakini kulainisha makohozi si kufungua njia za hewa zilizobana, wala kutuliza uvimbe wake. Nilimjibu mzazi yule: chai ya tangawizi mtoto anywe apendavyo, ila dawa ya kuvuta aende nayo shuleni mfukoni, na mwalimu asimpokonye akaifungia kabatini.